Mdogo Wako Anahitimu: Namna ya Kuandaa Sherehe ya Familia

Msimu wa mahafali ya vyuo vikuu nchini Tanzania hupamba moto Novemba na Desemba, lakini ndani ya familia maandalizi huanza mapema zaidi. Wazazi wako mbali au umri umekwenda, mhitimu mwenyewe bado anafuatilia matokeo yake ya mwisho, na wajomba wanauliza siku gani waje. Kazi ya kupanga humwangukia kaka au dada aliyetangulia. Kama mwaka huu kazi hiyo imekuangukia wewe, mwongozo huu ni wako.

Kabla ya kufikiria turubai na keki, shika jambo moja. Cheti huandikwa jina la mtu mmoja, lakini katika familia zetu ni nadra kisomo hicho kiwe kimelipiwa na mtu mmoja. Kwa hiyo sherehe ya mahafali ina kazi mbili: kuwashukuru hadharani wote waliomsomesha, na kumwacha mhitimu akiwa na nguvu za kuanza maisha. Kila uamuzi utakaoufanya, kuanzia idadi ya wageni mpaka zawadi, upime kwa kazi hizo mbili. Kisichosaidia hata moja kiache, hata kama jirani alikifanya mwaka jana.

Anza na mhitimu mwenyewe

Usitangaze chochote kwenye kundi la ukoo kabla hujazungumza na mdogo wako faraghani. Jambo la kwanza la kujua ni kama jina lake limo kwenye orodha ya wahitimu. Kumaliza mtihani wa mwisho si kuhitimu. Matokeo hupitishwa na Seneti ya chuo, na mwanafunzi mwenye sapu, somo la kurudia au deni la ada anaweza kukosekana kwenye orodha ya mwaka huo. Vijana wengi hushindwa kulisema hili kwa sababu tayari mama ameshaliambia kanisa zima au msikiti mzima. Muulize kwa namna inayomwachia nafasi ya kusema kweli: “Mdogo wangu, kabla sijawaambia wakubwa, niambie umefikia wapi. Kama kuna kilichobaki, tutakipanga wawili kwanza.”

Kama jina halimo, sherehe isogezwe kimya kimya. Wageni waambiwe tu kwamba familia imebadilisha tarehe. Wazazi waambiwe ukweli, tena na yeye mwenyewe, wewe ukiwa umekaa pembeni yake.

Kama jina limo, muulize anataka siku hiyo iweje. Wapo wanaopenda muziki na watu wengi, na wapo ambao chakula cha mchana na ndugu wa karibu kinawatosha. Mwisho mwombe akutajie watu ambao wasipokuwepo sherehe haitakuwa na maana kwake. Huenda ukasikia majina usiyoyatarajia: mama aliyempangisha chumba akamvumilia kodi ilipochelewa, rafiki waliyekuwa wakisoma naye kwa kompyuta moja, mwalimu wa hesabu wa kidato cha pili. Yaandike.

Andika daftari la waliomsomesha

Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Chukua daftari, kaa na mama au yeyote anayekumbuka vizuri, mpite hatua kwa hatua: shule ya msingi, kidato cha kwanza hadi cha nne, cha tano na sita, kisha chuo. Kwa kila hatua jiulizeni nani alilipa, nani alimlaza, nani alimlisha, nani aliacha chake ili huyu aendelee.

Miaka itawasaidia kukumbuka. Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 2001. Kwa sekondari, ada hadi kidato cha nne ilifutwa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Aliyeingia kidato cha kwanza mwaka 2015, kwa mfano, ada yake ya mwaka wa kwanza ilitoka mfukoni mwa mtu. Mtafuteni ni nani. Na hata baada ya ada kufutwa, sare ilinunuliwa, madaftari yalinunuliwa, na aliyekwenda bweni alihitaji godoro, ndoo, sanduku na nauli ya kurudi nyumbani likizo. Huko ndiko wanakojificha wengi wa wafadhili wa kweli: shangazi aliyetoa godoro, baba mdogo aliyekuwa akituma nauli kila muhula bila kuulizwa, mwenye duka aliyeandika madaftari kwenye kitabu cha madeni akasubiri mavuno.

Msisahau waliolipa bila kutoa fedha. Dada aliyebaki nyumbani kumuuguza baba ili mdogo wake asikatishe masomo amelipa. Bibi aliyemlea mjukuu miaka sita huku mama akitafuta maisha mjini amelipa. Kaka aliyeishia darasa la saba akaendesha bodaboda, na kila jioni akatenga kidogo kwa ajili ya huyu, amelipa kuliko wengi.

Mkimaliza, msomee mhitimu aongeze aliosahauliwa. Daftari hilo litakupa orodha ya wageni wa lazima, litakuonyesha nani akae mbele, na litakuwa mgongo wa hotuba ya mhitimu. Ukiwa nalo, nusu ya sherehe umeshaiandaa.

Tenganisha siku ya chuo na siku ya nyumbani

Familia nyingi hujichosha kwa kutaka kila kitu kiishe siku moja: kuamka usiku, kusafiri, kukaa juani, kisha kukimbilia ukumbini. Kama chuo na nyumbani viko mbali, gawa. Kwenye mahafali yenyewe wapeleke wachache, watu wanne hadi sita: wazazi au walezi, ndugu mmoja au wawili, na yule mtu mmoja ambaye mhitimu anasema asikosekane. Ukoo wote ukutane nyumbani siku nyingine. Kwanza hakikisha chuo kinaruhusu wageni wangapi kwa kila mhitimu na kama wanahitaji kadi.

Tuseme mdogo wako amesoma Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na nyinyi mko Dar es Salaam. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inafika Morogoro, na safari yake ni kama saa mbili. Kata tiketi mapema na kila msafiri awe na kitambulisho, kwa sababu wiki ya mahafali familia nyingi huelekea huko huko. Kama mnatoka mbali zaidi, fikeni jana yake. Mzee aliyelala vizuri atafurahi. Aliyetoka kwenye basi alfajiri atasinzia wakati mjukuu wake anatunukiwa.

Kwa sherehe ya nyumbani, chagua tarehe ambayo watu watakuwepo bila kulipa nauli ya ziada. Familia za Kilimanjaro zimezoea kurudi kijijini mwishoni mwa Desemba. Sherehe ikipangwa katika siku hizo, hakuna anayesafiri mara mbili. Angalia pia ibada. Usiwawekee Waislamu shughuli saa ya sala ya Ijumaa, na kama mna ndugu Wasabato, shughuli ya Jumamosi ianze baada ya jua kuzama au ihamie Jumapili. Halafu simu moja kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa: mweleze tarehe, na kama mtaweka spika kubwa, muulize utaratibu wa kibali. Majirani nao waambiwe kwa mdomo. Jirani aliyeambiwa huleta viti.

Kama kuna ua wa kutosha, turubai na viti vya kukodi vinatosha. Ukumbi una raha yake, lakini hula fedha ambazo zingemfaa mhitimu, na wazee huongea kwa uhuru zaidi wakiwa nyumbani.

Fedha: panga kwa kilichopo mkononi

Tumezoea utaratibu wa harusi: kamati, kadi za michango, ahadi, na simu za kukumbusha ahadi. Usiuhamishie huo kwenye mahafali. Kuhitimu ni furaha ya familia, na mtu asikimbie simu yako kwa sababu ya furaha ya familia.

Utaratibu unaofaa ni huu. Ndugu wa tumbo moja mkutane kwanza, hata kwa simu, kila mmoja aseme anachoweza bila kushindanishwa. Kisha mfungulie mlango yeyote mwingine anayependa kuchangia, bila kumpangia kiwango. Mweka hazina awe mmoja, namba ya kupokelea iwe moja, na kila fedha inayoingia iandikwe siku hiyo hiyo. Wiki mbili kabla ya sherehe funga hesabu. Kilichopo mkononi siku hiyo ndicho bajeti. Ahadi ambazo hazijalipwa zisihesabiwe, na wala usikope kwenye kikoba ili kuziba pengo. Pengo huzibwa kwa kupunguza.

Hapa nina ombi mahususi: waliomo kwenye lile daftari, hasa wazee na wale waliojinyima, wasichangishwe. Wao walishachanga, kwa miaka. Kumwomba bibi aliyeuza ng'ombe kwa ajili ya ada ya chuo achangie tena keki ni kumrudisha kwenye kazi siku ambayo alipaswa kupumzishwa. Wao waje kama wageni rasmi, na kama wanahitaji nauli, nauli yao iwe ndani ya bajeti.

Ujumbe wa kuwaalika ndugu waweza kuwa mfupi kama huu:

“Shikamooni wakubwa zetu, na salamu kwenu wote. Kwa neema ya Mungu mdogo wetu anahitimu chuo mwaka huu. Tutakutana nyumbani kwa baba, Jumamosi tarehe fulani, kuanzia saa sita mchana, tule pamoja na kuwashukuru nyote mliomsomesha. Hakuna kiwango cha mchango. Anayependa kutuunga mkono awasiliane na dada. La muhimu ni uwepo wenu.”

Kabla ya kugawa bajeti kwenye matumizi, toa kwanza fungu la mhitimu. Theluthi moja ni kipimo kizuri. Ikiwa mmekusanya shilingi 1,500,000, basi 500,000 ziwekwe pembeni kabla ya kununua hata kiberiti, na sherehe iendeshwe kwa milioni moja. Fungu hilo lisiguswe, hata mchele ukipanda bei.

Chakula kwa watu 60

Idadi ya watu 60 ni ya kawaida kwa sherehe ya ukoo inayofanyika uani, basi tupige hesabu kwa hiyo. Kwa pilau, kilo moja ya mchele hulisha watu sita hadi wanane. Nunua kilo 10. Nyama ya kuweka ndani ya pilau, kilo 6. Kuku akikatwa vipande vinane, kuku 8 wanatoa vipande 64, kipande kimoja kwa kila mtu na vinne vya dharura. Ongeza ndizi au viazi, maharage au mboga za majani, kachumbari ya kutosha, na matunda ya msimu. Desemba maembe hayana shida. Soda, kreti moja ina chupa 24, hivyo kreti 5 zinampa kila mtu chupa mbili. Maji yawe mengi kuliko soda, na pawe na chai isiyo na sukari kwa wenye kisukari.

Kama bajeti inaruhusu ndafu, mchinjeni mbuzi mmoja. Desturi hii ya Wachagga ya kumchoma mbuzi mzima na kumleta mbele ya wageni imeenea kwenye sherehe nyingi nchini, na kwa familia kubwa mbuzi huyo huleta shangwe kubwa. Keki iwe ndogo ya kulishana. Tumbo litashiba pilau.

Kama ukoo wenu una Waislamu na Wakristo, mchinjaji awe Mwislamu ili wote wale chungu kimoja bila wasiwasi.

Na jambo moja la msingi kuliko vyote vya jikoni: kodi mpishi. Mkikosa fedha, waombeni vijana wa kike na wa kiume wa ukoo wapike na kugawa chakula. Mama, shangazi na mama wadogo ndio waliojaza lile daftari. Haifai siku ya kushukuriwa kwao wawe nyuma ya nyumba wanakoroga sufuria, wasikie majina yao yakitajwa kwa mbali.

Siku ya chuoni

Mhitimu ahakikishe joho na kofia amevichukua na kuvijaribu siku chache kabla. Joho la kukodi lina tarehe ya kurudishwa, na kuchelewa huwa na faini.

Waandaeni wazazi kwa namna shughuli inavyokwenda. Mara nyingi wahitimu wa shahada ya kwanza husimama pamoja kwa ndaki au skuli zao, na Mkuu wa Chuo huwatunuku kwa mkupuo. Mzazi anayesubiri jina la mwanawe lisomwe peke yake anaweza kudhani amenyimwa kitu. Mwambieni mapema: “Mama, watakaposimama wale wenye joho kama lake, basi ni yeye.”

Bebeni maji, mwavuli, dawa za wazee na kitu cha kutafuna. Kubalianeni mahali pa kukutana kabla hamjatengana, kwa kuwa simu husumbua panapokuwa na umati. Picha za pamoja pigeni kabla jua halijawa kali au baada ya umati kupungua, na bei mkubaliane na mpiga picha kabla hajapiga.

Picha moja msiikose. Vijana wetu wengi siku hii huvua joho na kofia wakamvalisha mama, au baba, au bibi aliyewalea. Fanyeni hivyo. Na kwa kuwa huenda joho litakuwa limesharudishwa siku ya sherehe ya nyumbani, fanyeni pale pale chuoni, picha ichapishwe ije itundikwe ukutani.

Kwa walioko Morogoro, mkipata nafasi wapelekeni wazee Mazimbu. Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo cha Sokoine ilikuwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, iliyojengwa na chama cha ANC kuanzia mwaka 1978 na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992. Wapo waliozikwa hapo hapo. Wazee waliosikia habari za ukombozi redioni watafurahi kuona kwa macho mahali ambapo vijana walisoma huku wakisubiri nchi yao.

Ratiba ya nyumbani

Chakula kitangulie hotuba. Mtu mwenye njaa hasikilizi, na mtoto mwenye njaa hamwachi mtu asikilize. Ratiba kama hii inatosha:

Saa 6:00 mchana: wageni kufika na kupokewa kwa vinywaji.
Saa 7:00: sala au dua, kisha chakula, wazee na watoto wahudumiwe kwanza.
Saa 8:30: utambulisho wa familia.
Saa 9:00: mhitimu kutoa shukrani.
Saa 9:20: mzazi na mzee mmoja kutoa neno.
Saa 10:00: keki na zawadi.
Saa 10:30: muziki, mpaka saa 12:00 jioni.

Mshereheshaji awe binamu au shemeji anayewafahamu watu kwa majina. Mpe karatasi yenye mpangilio wa undugu: nani ni baba mkubwa, nani ni wifi, nani ni babu mzaa mama. Mwombe pia asimtanie mtu kwa umri, unene au kutoolewa.

Wakati wa wazee usiukate. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14 tu wa sheria, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mzee aliyevuka miaka themanini alikuwa kijana wakati huo, na kwake mwenye shahada alikuwa mtu wa kusimuliwa. Leo mwenye shahada ni mjukuu wake, ameketi kwenye mkeka wake. Mpe kipaza sauti, na awepo mtu wa kurekodi.

Hotuba ya mhitimu

Hotuba hii ndiyo kiini cha shughuli, basi msaidie mdogo wako kuiandika siku tatu kabla. Dakika kumi zinamtosha, kumi nyingine ni za akiba kwa machozi na vigelegele. Siri yake ni kutaja mtu na tendo alilolifanya. “Nawashukuru wote kwa michango yenu ya hali na mali” haimgusi yeyote, kwa maana haimtaji yeyote. Linganisha na haya:

“Shangazi, mwaka ule wa kwanza chuoni nilikuwa sina pa kulala wiki mbili, ukaniambia njoo. Ulilala na watoto sebuleni, mimi nikapewa chumba ili nisome. Sikuwahi kukuambia kwamba nilikuwa nalijua hilo. Leo nakuambia mbele ya watu wote: asante, shangazi.”

“Kaka, kila Jumapili usiku simu yangu ilikuwa inalia, ujumbe wa fedha, na maneno mawili tu: soma, mdogo wangu. Nimesoma, kaka.”

Kuna miiko mitatu. Asitaje viwango vya fedha, maana vitawapanga watu madaraja na aliyetoa kidogo kwa shida ataona aibu. Asisimulie shida ya mtu bila ruhusa yake. Kama shangazi hapendi watu wajue alikuwa akilala sebuleni, basi hadithi hiyo ibaki kuwa yao wawili. Na ambaye amefariki atajwe, jina lake na tendo lake, kisha watu wasimame kidogo. Baba aliyekufa mwanawe akiwa kidato cha tatu naye amo kwenye daftari.

Zawadi zinazomfaa

Tangaza mapema na bila haya kwamba mhitimu anaanza maisha. Zawadi zilingane na anakoelekea. Aliyesomea uuguzi ana gharama za kusajiliwa kabla ya kuajiriwa. Aliyesomea kilimo au ufugaji anaweza kuanza na vifaranga, mbegu au kipande cha shamba la baba atakachoruhusiwa kulima msimu mmoja. Mwalimu na mhasibu watahitaji nguo nadhifu za usaili, nauli za kwenda kwenye usaili, na kompyuta inayofanya kazi. Mjomba mwenye karakana anayesema “njoo ujifunze kwangu miezi mitatu” ametoa zawadi inayozidi bahasha nyingi.

Kumbuka pia kwamba wahitimu wengi wanaondoka chuoni na mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Mnufaika anatakiwa kuanza kurejesha miezi 24 baada ya kumaliza, na akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ndugu wakilijua hili wataelewa kwa nini lile fungu la theluthi ni muhimu, na kwa nini mshahara wa kwanza hautaweza kubeba ukoo mzima.

Mhitimu naye atoe kitu kwa wazazi: kanga au kitenge kwa mama, shuka au kanzu kwa baba. Kiwe cha bei ndogo, akabidhi kwa mikono miwili.

Wa kuwalinda siku hiyo

Katika familia nyingi kuna ndugu ambaye hakufika chuo. Alifeli, alikatishwa, au alipata mimba akaachishwa shule. Sherehe ya mdogo wake yaweza kumchoma. Usimfiche jikoni, na usiruhusu mzee yeyote asimame kusema “huyu ametufuta machozi” kana kwamba wengine ndio walioyaleta. Mpe kazi ya heshima inayoonekana, kama kumpokea mhitimu langoni au kukata keki pamoja naye, na jina lake litajwe kwa aliyoyafanya.

Mlinde mhitimu dhidi ya maswali mawili: “Kazi umepata?” na “Harusi lini?” Waambie wajomba mapema, kwa heshima, kwamba siku hii ni ya kumshukuru Mungu kwa hatua iliyofikiwa. Wakiuliza hata hivyo, jibu wewe: “Mjomba, anaomba, na ukisikia nafasi utuambie.” Swali hugeuka kuwa msaada.

Kama wazazi wametengana, waulize kila mmoja peke yake angependa kukaa wapi, na usiwalazimishe kupiga picha pamoja. Kama msiba umeipata familia wiki chache kabla, futa muziki na bakiza chakula, dua na shukrani.

Baada ya wageni kuondoka

Ndani ya siku tatu, weka hesabu kwenye kundi la familia: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki. Mkabidhi mhitimu fungu lake mbele ya ndugu wawili. Chapisha picha na umpelekee kila mzee yake mkononi, kwa sababu wengi wao hawana simu za kuonyesha picha. Waliokosa kuja wapigiwe na mhitimu mwenyewe.

Halafu, kabla ya mwezi kuisha, kaeni ndugu wote na mfungue daftari lile ukurasa mpya. Nani bado yuko shuleni? Mdogo wenu wa mwisho yuko kidato cha pili, mtoto wa dada anaingia darasa la kwanza Januari. Kubalianeni nani atabeba nini mwaka unaokuja, na mhitimu mumpe muda: mwaka mmoja au miwili ya kusimama kwa miguu yake kabla hajapangiwa jukumu. Muda huo ukifika achukue fungu lake, hata kama ni sare na madaftari ya mtoto mmoja. Hivyo ndivyo waliomsomesha wanavyolipwa, kwa kuona mwingine naye anasoma.